Mishororo Mitatu ya Glasgow: Usomaji wa Kipimo cha Fahamu

Kuna maandishi ya kitabibu yanayosomwa usiku na mchana katika wodi za wagonjwa mahututi, na wanaoyasoma hawajiiti wasomaji. Kipimo cha Fahamu cha Glasgow ni mojawapo. Kilitokea mara ya kwanza katika jarida la The Lancet, Julai 1974, ndani ya makala ya kurasa nne ya Graham Teasdale na Bryan Jennett, mabingwa wa upasuaji wa ubongo mjini Glasgow, na tangu hapo ni vigumu kupata utafiti wowote mzito kuhusu jeraha la ubongo, uwe wa mgonjwa mmoja kitandani au wa taifa zima katika jedwali, ambao haukupitia mlangoni mwake. Takwimu za afya ya jamii huanza na mtu aliyemwinamia mwenzake na kuamua aandike nini. Kwa hiyo mhakiki ana haki ya kuuliza jinsi andiko hili lilivyoundwa kabla ya kuuliza limezaa tarakimu gani. Ninachodai ni kwamba kipimo hiki kimetungwa kwa ustadi mkubwa wa kujizuia, na kwamba mbinu za takwimu zilizojengwa juu yake hupata nguvu pale zinapokisoma kwa umbo lake, na hupungukiwa pale zinapokisoma kwa jumla yake.

Tuanze na umbo. Kipimo kina mishororo mitatu. Wa kwanza ni wa macho: mgonjwa anayafumbua mwenyewe, anayafumbua akisemeshwa, anayafumbua akiumizwa, au hayafumbui kabisa. Wa pili ni wa usemi: anajitambua na anajua yuko wapi na ni wakati gani, anazungumza lakini amechanganyikiwa, anatoa maneno yasiyohusiana na swali, anatoa sauti zisizoeleweka, au yuko kimya. Wa tatu ni wa viungo: anatii amri; anapeleka mkono pale panapouma; anaukunja kuuepusha na maumivu; anaukunja kwa namna isiyo ya kawaida; anaunyoosha na kuukaza; au hakuna mwitikio.

Katika orodha yote hii ubongo hautajwi hata mara moja. Hakuna uvimbe, hakuna damu iliyovia chini ya fuvu, hakuna kisio lolote kuhusu kinachoendelea ndani. Msimulizi wa kipimo amekaa nje ya mhusika wake na kukataa katakata kuingia akilini mwake. Anaripoti kitendo, tena kitendo kinachoweza kushuhudiwa na yeyote aliyesimama hapo. Kabla ya hapo wodi zilitumia istilahi za kiwango, kama vile nusu koma, kuzubaa na usingizi mzito, na kila hospitali ilikuwa na maana zake, kiasi kwamba madaktari wawili wangeweza kumwona mgonjwa mmoja na kuandika hali mbili. Teasdale na Jennett waliondoa sifa wakaweka vitenzi. Hili ni badiliko la mtindo kabla halijawa badiliko la sayansi, na ndilo lililowezesha sayansi iliyofuata, kwa sababu tarakimu za hospitali mbili haziwezi kuwekwa katika safu moja mpaka watu wa hospitali hizo wawe wameona kitu kilekile na kukiita kwa jina lilelile.

Urefu wa mishororo haulingani: ngazi nne, tano, sita. Kila mshororo umeachwa uwe mrefu kadiri mwili unavyoweza kutofautisha. Macho yana mambo machache ya kusema, viungo vina mengi. Mshororo wa viungo wenyewe ulikuwa na ngazi tano mwaka 1974. Ya sita iliongezwa miaka miwili baadaye, kwa kukitenga kitendo cha kukunja kiungo kwa kawaida na kile cha kukikunja kusiko kwa kawaida, tofauti ambayo mtazamaji mzoefu huiona na asiye mzoefu hukosea. Hapo watunzi walilipa gharama: walipata uchambuzi wa kina zaidi na kupoteza kidogo ile hali ya kila mtu kuona sawa. Naona walifanya vyema. Mwaka 2014, kipimo kilipotimiza miaka 40, kilihaririwa tena, na uhariri huo ungemfurahisha mwalimu yeyote wa utunzi: palipoandikwa maneno yasiyofaa pakabaki maneno, palipoandikwa sauti zisizoeleweka pakabaki sauti, na maumivu yakawa shinikizo. Sifa zilizokuwa zimejificha ndani ya kipimo kwa miaka 40 zikafutwa. Maumivu ni jambo la mgonjwa, nasi hatujui kama anayasikia. Shinikizo ni jambo la kidole cha muuguzi kinachobonyeza ukucha, nalo linaonekana.

Mshororo wa pili ndio dhaifu, na udhaifu wake unatuhusu. Muuguzi mjini Moshi anayeuliza, “Unaitwa nani? Hapa ni wapi? Huu ni mwezi gani?” anapima mambo mawili kwa pamoja: fahamu ya mgonjwa na Kiswahili chake. Mzee aliyezoea Kimaasai pekee, akajibu kwa sentensi kamili na sahihi kabisa, anaweza kuandikiwa kwamba anatoa sauti tu, ikiwa hapana ndugu kando ya kitanda wa kusema, “Baba anakujibu, anasema yuko hospitali.” Mgonjwa aliyetiwa mpira wa kupumulia kooni hawezi kusema lolote, na hapo kanuni inaelekeza kuandikwa kwamba hakupimika, si kwamba yuko kimya. Kwa mwanatakwimu, tofauti ya pengo na kimya ni kubwa mno. Pengo linaweza kukisiwa kwa kutazama vigezo vingine. Kimya kilichoandikwa kimakosa huingia katika hesabu kama ushahidi. Na hitilafu ya namna hii haitibiwi kwa kuongeza idadi: wagonjwa 10,000 waliopimwa kwa mwelekeo uleule wa makosa watatupa jibu lenye uhakika mkubwa zaidi na lililopinda vilevile. Hospitali ya KCMC ya huko Moshi ina daftari la utafiti la wagonjwa wa jeraha la ubongo, lililojengwa pamoja na watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani, na kutokana nalo zimeundwa modeli za kukisia hatima ya mgonjwa. Asomaye kazi za aina hiyo, popote zinapofanyika, na aanze kwa kuuliza mshororo wa pili ulijazwa vipi.

Sasa tufike kwenye jumla. Makala ya 1974 iliiacha mishororo isimame kila mmoja peke yake. Desturi ya kuipa alama na kuzijumlisha ilikuja baadaye, ikaenea hadi leo wengi wakisema “Glasgow yake ni nane” wanadhani wamekitaja kipimo chenyewe. Hesabu ndogo inaonyesha kilichotokea. Ngazi nne mara tano mara sita hutoa picha 120 tofauti za mgonjwa. Jumla huanzia 3 na kuishia 15, yaani thamani 13 tu. Picha 120 zimebanwa katika thamani 13, nazo hazikubanwa sawasawa: jumla ya 15 ina picha moja, ya 3 ina picha moja, ya 4 ina picha tatu, ya 8 ina picha 17, na ya 9 ina picha 18, nyingi kuliko jumla nyingine yoyote. Kwa maneno mengine, ncha za kipimo ni wazi na katikati yake pana utata, na utata unafikia kilele pale pale ambapo desturi imechora mpaka kati ya jeraha kali, kuanzia 3 hadi 8, na jeraha la wastani, kuanzia 9 hadi 12. Msomaji makini atapinga, na ana haki, kwamba mwili hauzitoi picha zote hizo, maana ni nadra mtu ajibuye kwa ufasaha akashindwa kuinua mkono akiambiwa. Ni kweli. Lakini hata tukiziondoa picha zisizotokea, mpaka unabaki umechorwa mahali ambapo jumla inasema machache zaidi kuliko kwingine kokote.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha kinachopotea. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2003, kutoka hifadhi ya taifa ya takwimu za majeruhi ya Marekani, uliwatazama wenye jumla ya 4. Jumla hiyo inapatikana kwa njia tatu, kwani alama moja iliyozidi inaweza kukaa katika mshororo wowote. Ilipokaa kwenye macho, vifo vilikisiwa kuwa 19%. Ilipokaa kwenye usemi, 27%. Ilipokaa kwenye viungo, 48%. Jumla ni ileile, alama ni ileile moja, na hatari imezidi maradufu kwa sababu ya mahali ilipokaa. Alama ya pili ya macho ina maana kwamba mtu aliyeumizwa amefumbua jicho. Alama ya pili ya viungo ina maana kwamba mkono umenyooka na kukakamaa, ishara ambayo madaktari huiogopa. Kujumlisha kunadai kwamba hatua hizi mbili ni sawa. Andiko lenyewe halijawahi kusema hivyo.

Kuna jambo jingine la umbo ambalo jumla inalificha: chini kabisa hakuna sifuri. Kimya katika kila mshororo kina alama moja, kwa hiyo asiyeitikia lolote anaandikiwa 3, na ndani ya 3 hiyo wamo watu ambao hali zao zinatofautiana sana. Mwaka 2018 Teasdale mwenyewe, pamoja na Paul Brennan na Gordon Murray, alipendekeza rekebisho jepesi: toa alama moja kwa kila mboni isiyoitikia mwanga. Kipimo kikashuka hadi 1, na sakafu iliyokuwa imewalaza wote pamoja ikapata ngazi mbili zaidi. Nimelipenda rekebisho hili kwa sababu halikuigusa mishororo. Liliongeza tanbihi chini yake.

Haifai kuibeza jumla, hata hivyo. Inasemeka kwa simu, inakaa katika safu moja ya daftari, na mwanatakwimu mwenye wagonjwa wachache hana anasa ya vigezo vitatu panapotosha kimoja. Makundi mawili ya watafiti, yaliyochapisha modeli zao mwaka uleule wa 2008, yalikisoma kipimo kwa njia mbili, na ulinganisho wao ni somo zuri la uhakiki. Kundi la IMPACT lilitumia wagonjwa 8,509 kutoka tafiti 11, na katika modeli yao ya msingi likachukua vitu vitatu: umri, mboni, na mshororo wa viungo pekee, macho na usemi viliachwa. Kundi la CRASH, lenye makao London na wagonjwa 10,008 kutoka mabara mbalimbali, lilichukua jumla nzima, likaongeza umri, mboni, na kama mgonjwa ana majeraha mengine makubwa mwilini. La kwanza linasoma kama mhakiki anayeamini kwamba mshororo mmoja umebeba shairi zima. La pili linasoma kama anayeogopa kuacha neno. Kwa majeruhi mahututi naegemea kwa la kwanza, kwa kuwa mshororo wa viungo hauzibwi na mpira wa kooni. Lakini CRASH ilifanya jambo ambalo IMPACT haikulifanya kwa uwazi huo: ilitunga modeli mbili, moja kwa nchi tajiri na nyingine kwa nchi za kipato cha chini na cha kati, baada ya kuona kwamba vigezo vilevile havina uzito uleule kila mahali. Uchambuzi wa baadaye wa takwimu hizohizo ulionyesha kwamba mwenye jeraha kali katika nchi za kundi la pili alikuwa na uwezekano wa kufa uliozidi maradufu ule wa mwenzake wa nchi tajiri, hata hali zao za mwanzo zilipolinganishwa. Alama 6 ya Glasgow, basi, si ahadi moja duniani kote. Inategemea ni nani anayeingia wodini baada ya kuandikwa.

Kipimo hiki kina ndugu yake, Kipimo cha Matokeo cha Glasgow, kilichochapishwa na Jennett na Michael Bond mwaka 1975, kinachofunga hadithi ambayo kile cha kwanza kinaifungua. Kina ngazi tano: kifo, uhai usio na utambuzi, ulemavu mkubwa, ulemavu wa wastani, kupona vizuri. Kwa miaka mingi watafiti walikikata katikati, tatu za kwanza wakaziita matokeo mabaya na mbili za mwisho mazuri. Kwa mkato huo, mtu aliyetoka katika uhai usio na utambuzi akafikia kula kwa mkono wake, ingawa bado anahitaji msaada wa kila siku, hajasogea hata hatua moja: alikuwa mbaya, amebaki mbaya. Familia yake ingeshangaa kusikia hivyo. Kundi la IMPACT lilitetea njia zinazoheshimu mpangilio wa ngazi zote, pamoja na ile ninayopendelea kuiita mkato telezi, ambapo mpaka wa mafanikio huwekwa kulingana na hali aliyokuja nayo mgonjwa, ili aliyekuja na 4 asihukumiwe kwa matarajio ya aliyekuja na 13. Mbinu hizi huongeza uwezo wa jaribio kutambua athari ya dawa bila kuongeza mgonjwa hata mmoja, kwa kuacha tu kutupa kilichokwisha kuandikwa.

Na athari ya dawa ndipo usomaji unapogusa uhai. Dawa za jamii ya kotikosteroidi zilitumika kwa jeraha la ubongo kwa zaidi ya miaka 30. Mapitio ya majaribio yaliyochapishwa mwaka 1997 yalitoa uwiano wa 0.91, wenye masafa ya uhakika kuanzia 0.74 hadi 1.12. Masafa ya uhakika ni sentensi yenye vishazi viwili vinavyovutana: hii ilisema kwamba huenda dawa inaokoa, huenda inaua, na wengi waliosoma tarakimu ya katikati peke yake walisikia kishazi cha kwanza tu. Jaribio la CRASH liliwagawa wagonjwa kwa nasibu, nusu wakapata dawa na nusu plasebo, katika hospitali 239 za nchi 49. Lilikusudia kufikisha watu 20,000. Likasimamishwa njiani, Mei 2004. Katika wiki mbili walikufa 1,052 kati ya waliopewa dawa na 893 kati ya waliopewa plasebo, yaani 21.1% dhidi ya 17.9%, uwiano 1.18, masafa 1.09 hadi 1.27. Sentensi ilikuwa imepoteza utata wake. Mpaka wa chini umevuka 1 na kuiacha nyuma, na dawa iliyotolewa kwa nia njema kwa kizazi kizima ikathibitika kuwa inaongeza vifo. Sijui jedwali jingine la utabibu lenye lugha kavu kiasi hicho na uzito kiasi hicho.

CRASH-3, iliyochapishwa Oktoba 2019 kuhusu dawa ya kuzuia damu kuvuja, asidi ya tranezamiki, ni andiko gumu zaidi kusoma. Ilikuwa na wagonjwa 12,737, na 9,202 kati yao walipata matibabu ndani ya saa tatu. Vifo vya jeraha la kichwa katika kundi hilo vilikuwa 18.5% dhidi ya 19.8%, uwiano 0.94, masafa 0.86 hadi 1.02: kauli inayoegemea upande mmoja bila kuufikia. Waandishi wakagawa kwa ukali wa jeraha. Kwa wenye alama 9 hadi 15 uwiano ukawa 0.78, masafa 0.64 hadi 0.95, kwa wenye 3 hadi 8 ukawa 0.99. Hitimisho lao, kwamba dawa hiyo ikitolewa mapema hupunguza vifo, linasimama juu ya mgawanyo huo kuliko juu ya jibu la jumla, na wakosoaji hawakuchelewa kulisema. Mimi naongeza hoja ya umbo: mgawanyo umepitishwa kati ya 8 na 9, ndani ya ule utata wa picha 17 na 18. Sidai kwamba matokeo si ya kweli. Mantiki yake ya kitabibu ni nzuri, kwani aliyekwisha kuvuja sana hana cha kuzuiliwa. Nadai tu kwamba mpaka uliobeba hoja nzito hivyo ulistahili kuchorwa kwa mishororo.

Kutoka hapo hadi hesabu ya dunia nzima ni safari ndefu, nami nitaipita haraka, kwa kuwa andiko linazidi kuwa jepesi kadiri linavyopanda. Michael Dewan na wenzake walikadiria mwaka 2018 kwamba watu milioni 69 hupata jeraha la ubongo kila mwaka. Mradi wa kimataifa wa Mzigo wa Maradhi ulikadiria majeraha mapya milioni 27 kwa mwaka 2016. Tofauti hii si ya kosa la kujumlisha. Kadirio la kwanza lilipanda kutoka idadi ya ajali za barabarani na uwiano wa majeraha ya ubongo ndani yake. La pili lina sarufi yake, ambamo jeraha la ubongo ni aina ya dhara na chanzo ni kuanguka, ajali au kipigo, kwa hiyo kifo huandikwa kwa jina la chanzo. Kwa sarufi hiyo jeraha la ubongo halina vifo vyake lenyewe. Dewan na wenzake walikadiria pia kwamba barabara huchangia 56% ya majeraha haya Afrika na 25% Amerika Kaskazini, na mtu yeyote aliyewahi kukaa benchi la idara ya dharura jioni ya sikukuu, pikipiki za bodaboda zikiwa barabarani, hatahitaji kushawishiwa kuhusu upande wa tofauti hiyo. Ukubwa wake kamili, hata hivyo, unategemea ni nani aliyefika hospitali, na ni nani aliyemwinamia na kuandika.

Ndiyo maana ombi langu ni dogo na la karatasi. Wanaochapisha fomu na madaftari ya majeruhi katika hospitali zetu, na wahariri wa majarida wanaopokea makala kutoka kwenye madaftari hayo, waache safu moja ya jumla na wadai safu tatu, pamoja na nafasi ya kuandika kwamba mshororo haukupimika na lugha iliyotumika kuuliza. Jumla inaweza kupatikana kutoka kwenye mishororo wakati wowote. Mishororo haiwezi kupatikana kutoka kwenye jumla.